Kioo cha Van Eyck na Mikono ya Buluu ya William Morris

Mwaka 1842 National Gallery ya London ilinunua picha moja ndogo ya mchoraji Jan van Eyck, iliyochorwa mwaka 1434. Mwanamume na mwanamke wamesimama chumbani wameshikana mikono, mbwa mdogo yuko miguuni pao, na ukutani nyuma yao kimetundikwa kioo cha duara kilichobinuka. Kisogelee kioo hicho. Ndani yake utaiona migongo ya wale wawili, dirisha, na watu wengine wawili wanaingia mlangoni, pale pale uliposimama wewe unayetazama. Fremu ya kioo imezungushiwa picha 10 za mateso ya Yesu, na hakuna hata moja inayoufikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu ya kioo Van Eyck ameandika kwa Kilatini kwamba yeye alikuwapo hapo.

Wakati huo jengo la National Gallery, pale Trafalgar Square, lilikaliwa na taasisi mbili. Upande mmoja zilikaa picha za taifa, na upande wa mashariki ilikaa Royal Academy pamoja na shule yake ya sanaa. Mwanafunzi aliweza kutoka darasani, akatembea hatua chache, akajikuta mbele ya kioo kile. Darasani alifundishwa kwamba kilele cha uchoraji ni Raphael, aliyefariki mwaka 1520, na kwamba mchoraji wa leo hana budi kufuata kanuni zilizojengwa juu ya kazi zake: umbo kuu likae katikati, mwanga uanguke mahali pamoja, pembe zizame kwenye rangi ya kahawia. Na hapo jirani imetundikwa picha iliyochorwa karibu miaka 50 kabla Raphael hajazaliwa, haina kahawia ya kufichia chochote, na manyoya ya mbwa unaweza kuyafuata moja baada ya jingine.

Nimekulia Unguja, sasa naishi London, na picha hii ndiyo ninayoirudia kuliko zote zilizomo mjini humu. Kwa muda mrefu nimesikia sanaa ya enzi ya Malkia Victoria ikielezwa kuwa ni sanaa ya watu walioogopa wakati wao: reli, moshi, viwanda, mitaa michafu, wakakimbilia hadithi za mashujaa wa farasi na mabibi wenye nywele ndefu. Wapo waliofanya hivyo, na picha zao zimejaa kwenye makumbusho. Lakini waliobaki moyoni mwangu walirudi nyuma kwa sababu nyingine. Waliichukua kazi ya zamani mikononi wakauliza ilitengenezwaje, kisha wakakaa chini kuitengeneza, na katika kuitengeneza wakatoa kitu ambacho zamani haikuwahi kukiona.

Septemba 1848, nyumbani kwa wazazi wa John Everett Millais huko Gower Street, vijana saba waliunda udugu wao wakauita Pre-Raphaelite Brotherhood, kwa maana walitaka kuanzia kabla ya Raphael. Watatu kati yao ndio wanaokumbukwa zaidi: Millais alikuwa na miaka 19, Dante Gabriel Rossetti 20, William Holman Hunt 21. Walikuwa wakifunua chapa za Carlo Lasinio, alizozinakili kutoka kwenye michoro ya ukutani ya Campo Santo, makaburi ya kale ya Pisa. Wakati huo hakuna kati ya watatu hao aliyekuwa amewahi kufika Pisa. Chapa zenyewe zilikuwa mistari mitupu, bila tone la rangi. Kwa hiyo vuguvugu zima la kuhuisha sanaa ya kale lilianzia kwenye nakala, na rangi zile kali tunazozihusisha na udugu huo, zambarau na kijani kinachochoma macho, hazikutoka Pisa hata kidogo. Walichokipata kwenye mistari ile ni watu: kila mmoja amesimama kwa namna yake, ana uso wake, hakuna aliyepangwa kukamilisha pembetatu ya mwalimu.

Rangi waliitafuta kwa njia nyingine, na hapa naomba msomaji avumilie maelezo ya karakana, kwani ndipo penye kiini cha jambo. Wachoraji wengi wa Uingereza wa wakati ule walipenda rangi iliyotengenezwa kwa lami. Ilitoa kahawia nzito yenye kina, ila haikauki sawasawa, na miaka ikipita uso wa picha unapasukapasuka na kujikunja. Hunt na Millais waligeuza utaratibu wote. Walianza na turubai lililopakwa nyeupe. Asubuhi walichagua kipande kidogo watakachokimaliza siku hiyo, wakakipaka nyeupe mbichi iliyotiwa vanishi kidogo, nyembamba kiasi cha kuacha mistari ya penseli ionekane, kisha wakapaka rangi juu ya ubichi ule kwa brashi ndogo na mkono mwepesi. Ukiikandamiza brashi, nyeupe inapanda na kuichafua rangi. Ukichelewa, imekauka. Ukikosea, unakwangua na kuanza upya kesho. Mafundi wa Italia waliochora kwenye chokaa mbichi walifanya kazi vivyo hivyo, kipande cha siku kwa siku yake. Vijana hawa waliuhamisha utaratibu wa ukutani wakauleta kwenye turubai na rangi za mafuta, na kwa sababu mwanga unapenya rangi nyembamba, unagonga weupe wa chini na kurudi, picha zao mpaka leo zinang'aa kama zimeoshwa jana.

Simama mbele ya Ophelia ya Millais pale Tate Britain ndipo utakapoliona hilo. Mandhari yake aliichora nje, kando ya mto Hogsmill huko Surrey mwaka 1851, miezi kadhaa mfululizo, akilalamika kwenye barua kuhusu inzi na upepo. Kila jani lina mshipa wake. Mwanamke anayeelea majini ni Elizabeth Siddal, ambaye naye alikuwa mchoraji. Alilala ndani ya beseni la kuogea majira ya baridi, maji yakipashwa moto kwa taa zilizowekwa chini yake. Siku moja taa zilizimika, Millais hakuona, Siddal akaugua, na baba yake akadai fidia. Huwa namkumbuka Siddal ninapoitazama picha hiyo. Uangalifu mkubwa waliokuwa nao kwa majani haukumfikia kila mara binadamu aliyelala majini.

Mwaka mmoja kabla, Millais alikuwa ameonyesha picha ya Yesu mtoto katika karakana ya Yusufu. Alikwenda kwenye karakana halisi ya seremala Oxford Street, akachora benchi, randa na maranda yaliyotapakaa sakafuni. Kwa mikono ya Yusufu alitumia mikono ya seremala wa kweli, kwa kuwa alitaka misuli iliyojengwa na kazi. Kondoo waliochungulia mlangoni aliwachora kwa kutumia vichwa alivyovipata kwa muuza nyama. Watu walikasirika. Charles Dickens, ambaye ungedhani angeifurahia karakana ya maskini kuliko mtu yeyote, aliishambulia picha hiyo kwenye gazeti lake mwezi Juni 1850, akimwona Mariamu ana sura mbaya isiyovumilika. Wasomaji wake walizoea Familia Takatifu yenye nyuso laini na mavazi yanayoanguka kwa mpangilio, wakaamini hiyo ndiyo zamani. Millais aliwarudisha nyuma zaidi, kwenye wachoraji wa karne ya 15 waliothubutu kuchora watakatifu wenye makunyanzi, na kwa kufanya hivyo akawaletea fundi wa mtaa wao wenyewe. Ni picha ya kale kwa utaratibu na ni picha ya London ya 1850 kwa kila kilichomo.

Nirudi kwenye kioo. Mwaka 2017 National Gallery iliandaa maonyesho yaliyoiweka picha ya Van Eyck pamoja na picha za udugu huo, na mtu aliweza kuona kwa macho yake jinsi kioo kile kilivyosafiri. Kwa Van Eyck kioo ni shahidi: kinathibitisha kwamba chumba kimekamilika na kwamba mchoraji alikuwapo. Hunt alipokichukua, mwaka 1853, katika picha iitwayo The Awakening Conscience, alikifanya kikubwa, kikajaza ukuta nyuma ya mwanamke aliyewekwa nyumba na bwana asiye mume wake. Mwanamke anainuka ghafla kutoka mapajani mwa bwana huyo, anatazama kitu tusichokiona. Kioo ndicho kinachotuonyesha: nje ya dirisha kuna bustani yenye jua. Kwa Hunt, basi, kioo kimekuwa njia ya kutokea. Ford Madox Brown, aliyekuwa rafiki wa udugu ingawa hakujiunga, alichora mwanamke anayemnyooshea mtazamaji mtoto mchanga, na kioo cha duara kimekaa nyuma ya kichwa chake kama taji la nuru la Bikira Mariamu. Ndani ya kioo anaonekana mwanamume amefungua mikono kumpokea mtoto. Picha haikumalizika, mwili wa mwanamke umebaki turubai tupu, na hata hivyo ni mojawapo ya picha zinazonigusa zaidi za karne ile. Umbo moja la mwaka 1434 limekuwa bustani, limekuwa taji, limekuwa baba.

Rossetti hakuwa na subira ya wenzake na brashi ndogo. Yeye aliingia zamani kwa mlango wa mapenzi. Mwaka 1867 alinunua picha ya mwanamke aliyesimama dirishani, kazi ya Sandro Botticelli, kwa pauni 20. Bei hiyo inatueleza hali ya Botticelli sokoni: mchoraji ambaye leo watu husafiri mpaka Florence kumwona alikuwa hana thamani kubwa, na waliomrudisha ni hawa, wachoraji na waandishi wa Uingereza waliompenda kabla ya wanunuzi. Picha hiyo baadaye ilifika kwa mkusanyaji Constantine Ionides na sasa iko kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ukitoka hapo ukamtazama mchoraji Edward Burne-Jones, zile sura ndefu zenye shingo zilizoinama na macho yasiyotazama popote, unamwona Botticelli aliyepita mikononi mwa mtu wa Birmingham.

Na hata kamera haikuachwa. Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta, alipewa kamera mwishoni mwa 1863 akiwa na miaka 48, akaanza kuwapiga picha watumishi na majirani zake wa Isle of Wight wakiwa wamekaa kama Madonna za Raphael na Perugino. Mtumishi wake Mary Hillier alikuwa Bikira Mariamu mara nyingi mno. Wengine walizicheka picha zile kwa ukungu wake. Mimi naona ujasiri: chombo kipya kabisa, kilichosifiwa kwa kuonyesha kila kitu wazi, yeye alikitumia kutafuta wororo wa wachoraji wa Italia.

Sasa tufike kwa Morris, ambaye ningeweza kumwandikia makala peke yake.

William Morris alizaliwa mwaka 1834 katika familia yenye fedha, akaenda Oxford akidhamiria kuwa kasisi. Mwaka 1855 yeye na Burne-Jones walizunguka makanisa makuu ya kaskazini mwa Ufaransa, na safari hiyo ndiyo iliyowabadilisha wote wawili. Waliamua kuwa wasanii. Mwaka 1861, pamoja na marafiki, Morris alianzisha kampuni ya kutengeneza vioo vya rangi, samani, karatasi za ukutani na baadaye vitambaa. Tatizo lililomsumbua kwenye vitambaa lilikuwa rangi. Mwaka 1856 kijana William Perkin alikuwa amegundua rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe, na baada ya hapo rangi za maabara zikamiminika sokoni. Zilikuwa za bei nafuu na kali. Ila Morris aliona zinavyopauka vibaya kwenye jua, kila moja kwa upande wake, mpaka kitambaa kinakuwa hakina uhusiano na kilivyokuwa. Alitaka rangi zinazozeeka pamoja.

Alizitafuta vitabuni kwanza, katika vitabu vya zamani vya mimea kama kile cha John Gerard cha 1597 na maandishi ya watia rangi wa Ufaransa. Kisha kuanzia 1875 akawa anakwenda Leek, huko Staffordshire, kwenye kiwanda cha Thomas Wardle, akavua koti na kusimama mwenyewe kwenye mapipa. Mikono yake ilikuwa buluu mpaka viwikoni na alitembea nayo hivyo hivyo mjini. Huyu alikuwa mshairi mashuhuri na mwenye kampuni, mtu ambaye angeweza kutuma barua na kusubiri sampuli.

Buluu hiyo ilikuwa ya nili, na nili ina tabia yake. Ikiwa buluu haiyeyuki majini. Sharti kwanza iondolewe oksijeni ndani ya pipa, maji yageuke rangi ya kijani iliyoelekea manjano, ndipo itakapoingia kwenye uzi. Kitambaa kinazamishwa taratibu bila kuingiza mapovu ya hewa. Kikitolewa ni kijani, na hapo hapo mbele ya macho yako hewa inakigusa na buluu inatanda kutoka kwenye kingo. Mwaka 1881 Morris alihamishia kazi zake Merton Abbey, kando ya mto Wandle, akachimbia mapipa ya nili sakafuni, na mwaka 1883 wakafanikiwa kuchapa kitambaa kinachoitwa Strawberry Thief: ndege wenye madoa kifuani wanaiba stroberi, kama alivyowaona wakifanya kwenye bustani ya nyumba yake ya mashambani, Kelmscott. Kitambaa chote kilizamishwa kwenye nili kwanza. Halafu kwa vibao vya mbao vilivyochongwa wakachapa dawa ya kuondoa rangi, kali pale panapotakiwa weupe, hafifu pale panapotakiwa buluu ya mbingu. Kikafuliwa. Kisha nyekundu, kisha manjano, kila moja kwa vibao vyake, na kila hatua ina kukausha na kufua kwake. Siku kadhaa kwa kitambaa kimoja, wakati viwanda vya Lancashire vilikuwa vikitema maelfu ya yadi kwa mashine za silinda za shaba.

Muundo wenyewe si wa kale. Hakuna kitambaa cha enzi za kati chenye ndege wale. Morris aliutumia muda wake mwingi kwenye makumbusho ya South Kensington akichunguza hariri na mahameli ya Italia, mazulia ya Uajemi, vitambaa vya Uturuki. Alijua jinsi umbo linavyojirudia bila mtazamaji kuuona mshono. Mwaka 1893 ni yeye aliyeishauri makumbusho ilipe pauni 2,000 kwa ajili ya zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi likakamilika mwaka 946 wa Hijra. Lakini alipokaa kuchora alichora bustani yake. Hapo ndipo ninapomwelewa: ujuzi ulitoka mbali, jicho lilibaki nyumbani.

Lilimtesa pia jambo lisilotatulika. Kitambaa kilichotengenezwa kwa mkono na kwa subira kiliuzwa ghali, na walioweza kukinunua ni matajiri wale wale ambao viwanda vyao vilimfanya achukie wakati wake. Mwaka huo huo wa 1883 alijiunga na wanasoshalisti, akawa anasimama kwenye pembe za barabara akihutubia wafanyakazi. Sioni unafiki hapo, kama wengine wanavyodai. Naona mtu aliyefuata swali la jinsi kitu kinavyotengenezwa mpaka likamfikisha kwa anayekitengeneza.

Na ni Morris huyo huyo aliyewapinga waliokuwa wakiihuisha zamani kwa nyundo. Katikati ya karne ile makanisa ya kale ya Uingereza yalikuwa yakikarabatiwa kwa wingi. Wasanifu majengo, George Gilbert Scott akiwa mkubwa wao, walichagua karne moja waliyoiona bora, kwa kawaida ya 13 au 14, kisha wakaondoa kilichoongezwa baada ya hapo. Plasta ya kale ilikwanguliwa ukutani mpaka mawe yakabaki wazi, pamoja na michoro iliyokuwa juu yake. Mwaka 1877, aliposikia Scott anataka kuingia kwenye kanisa la Tewkesbury, Morris aliandika barua gazetini, na mwaka huo huo yeye na rafiki yake msanifu Philip Webb wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho wenyewe walikiita kwa utani Anti-Scrape kwa sababu ya chuki yao na kule kukwangua. Hoja yao ilikuwa kwamba jengo ni la kila kizazi kilichoweka mkono wake, na kwamba ukuta mpya uliochongwa kwa mtindo wa karne ya 13 ni uongo hata ukipendeza. Tengeneza paa lisivuje, tegemeza ukuta unaoinama, acha mengine. Chama hicho kipo mpaka leo. Kinachonishangaza ni kwamba kampuni ya Morris ilikuwa ikiishi kwa vioo vya rangi vya makanisa, na baada ya 1877 aliamua isiuze tena vioo kwa ajili ya makanisa ya kale yanayokarabatiwa, isipokuwa machache. Alijikatia riziki mwenyewe. Mtu aliyeipenda enzi ya kati kuliko wote ndiye aliyekataa kuweka madirisha yake ndani ya majengo ya enzi hiyo.

Mpenzi mwingine wa kale alikuwa na mkono mwepesi zaidi wa kuchukua. Frederic Leighton, rais wa Royal Academy kuanzia 1878, alijenga nyumba Holland Park Road, na kati ya 1877 na 1881 msanifu George Aitchison akamwongezea ukumbi wa Kiarabu, kwa kufuata jumba la La Zisa la karne ya 12 huko Palermo. Kuba juu, chemchemi katikati iliyochongwa kwenye jiwe jeusi, madirisha ya mbao za kimia, na kuta zimefunikwa vigae vya Syria na Uturuki vya karne ya 16 na 17. Leighton alifika Damascus mwaka 1873. Waliomsaidia kupata vigae ni pamoja na Richard Burton, aliyekuwa balozi mdogo huko Damascus, yule yule aliyetoka Unguja na Speke mwaka 1857 kulitafuta Ziwa Tanganyika.

Nilipoingia mara ya kwanza niliinua macho juu ya mlango nikakuta maandishi. Ni mwanzo wa Suratu Rahman. Nilianza kusoma, na ulimi ukaendelea wenyewe na aya zinazofuata, ambazo hazimo ukutani. Nilisimama pale nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha kwa sababu ni hati nzuri na imetunzwa vizuri. Uchungu kwa sababu vigae hivi kila kimoja kilikuwa na ukuta wake, na watu waliopita chini yake walijua kinasema nini. Hapa vilikuwa pambo la chumba cha kupokelea wageni baada ya chakula cha jioni. Leighton hakudharau. Alipenda kwa dhati, na chumba chake ni kizuri kuliko vyumba karibu vyote vya London. Ila kupenda kwake kulikuwa kwa mnunuzi.

Aliyenipoza moyo humo ndani ni William De Morgan. Seti za vigae zilifika zimepungua, vingine vimevunjika, na De Morgan ndiye aliyepewa kazi ya kuvipanga na kutengeneza vya kuziba mapengo. Alifanya hivyo vizuri kiasi kwamba unahitaji kutafuta sana uvione. Yeye alikuwa amekwisha tumia miaka akihangaika na siri ya vyombo vya Waislamu wa Hispania, vile vyenye mng'ao wa dhahabu na shaba usiokuwa na dhahabu ndani yake. Unachoma kigae chenye gilasi mpaka kikamilike. Unachora juu yake kwa mchanganyiko wa udongo na oksidi za shaba au fedha, unakirudisha kwenye tanuri kwa moto mdogo zaidi, na wakati ufaao unalijaza tanuri moshi. Moshi unapokonya oksijeni, na metali inabaki juu ya gilasi kama utando mwembamba mno. Dakika chache zaidi au pungufu, kazi yote imeharibika. Majaribio yake ya awali yaliunguza paa la nyumba yake Fitzroy Square mwaka 1872. Biashara yake haikumtajirisha, na aliifunga mwaka 1907. Lakini ukishika kigae chake, chenye jahazi la ajabu au ndege asiyekuwapo duniani, unajua kwamba mtu huyu aliwasikiliza mafundi wa Valencia huko Hispania na Iznik huko Uturuki kwa mikono yake, akawajibu.

Kwetu Unguja zamani hiyo iliyohuishwa inasimama Mkunazini. Kanisa Kuu la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 palipokuwa na soko la watumwa, lilichorwa na msanifu wa Uingereza, C. F. Hayward: matao yaliyochongoka ya Kigothi pamoja na nakshi za kienyeji, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye Waswahili wengi tunamjua zaidi kwa sarufi yake na ngano alizozikusanya. Waongoza wageni husimulia kwamba nguzo za upande wa mlangoni zilisimamishwa kichwa chini miguu juu wakati askofu amesafiri, na wageni hucheka. Sipendi kicheko hicho. John Ruskin, mwalimu wa Morris na wa kizazi chote kile, aliandika mwaka 1853, akiyazungumzia majengo ya Venice, kwamba uzuri wa Kigothi uko kwenye uhuru wa fundi, na kwamba dosari ni alama ya mtu aliyeachiwa afikiri, tofauti na mtumwa anayelazimishwa kunyoosha kila ukingo. Kama aliamini alichoandika, nguzo za Mkunazini ndizo sehemu ya Kigothi kweli kweli ya jengo zima. Majina ya mafundi hao hayamo kwenye vibao vya ukumbusho vya kanisani. La askofu limo.

Morris alikipenda kile kipande cha Ruskin mpaka akakichapa upya mwaka 1892, kwenye matbaa yake ya Kelmscott. Matbaa hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Novemba 1888 alikwenda kusikiliza mhadhara wa jirani yake Emery Walker, aliyeonyesha kwa taa ya picha kurasa za vitabu vya karne ya 15 zikiwa zimekuzwa ukutani. Herufi ambazo Nicolas Jenson alizitumia Venice miaka ya 1470 zilionekana kubwa kama milango. Morris akaanza siku zile zile. Karatasi alitengenezewa huko Kent kwa matambara ya kitani, kwa mfano wa karatasi ya Bologna ya 1473. Wino aliuagiza Ujerumani. Mitambo ya kuchapia ilikuwa ya mkono. Kitabu kikubwa kuliko vyote, kazi za mshairi wa kale Chaucer zenye picha 87 za Burne-Jones, kilitoka mwaka 1896, nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi. Morris alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka huo.

Alieleza mwenyewe jinsi alivyopata herufi zake za kwanza. Walker alimpigia picha kurasa za Jenson akazikuza. Morris akazichora juu yake mara nyingi, herufi baada ya herufi, mpaka akaona ameshika siri yake, na hapo ndipo alipoanza kuchora za kwake. Hakutaka kuzinakili kitumwa, alisema. Na ukiziweka za kwake kando ya zile za Venice utaona, hasa kwenye herufi ndogo, kwamba zimeegemea Kigothi kuliko zilivyowahi kuegemea za Jenson.